Fundo la Gunia

Bi Sindano: Haloo. Nani huyo anayepumua tu bila kusema?

Sukari: Ni mimi, Bibi.

Bi Sindano: Mimi wako wengi. Mimi yupi?

Sukari: Mimi Sukari. Wa kikundi cha kushona. Kwani jina langu halijatokea kwenye simu?

Bi Sindano: Limetokea, limetokea. Miwani tu nimeiweka sijui wapi. Sukari! Mzima wewe?

Sukari: Mzima. Shikamoo, Bibi.

Bi Sindano: Marahaba, mwanangu. Watoto?

Sukari: Hawajambo. Wako shule.

Bi Sindano: Na mzee wako?

Sukari: Yupo, analalamikia mgongo kama kawaida yake. Na wewe mguu unaendeleaje?

Bi Sindano: Mguu gani?

Sukari: Si binti yako alimpigia Mwenyekiti, akasema leo huji kwa sababu mguu unakusumbua?

Bi Sindano: Aaa. Mguu. Ndiyo, unasumbua. Huu wa... wa kushoto.

Sukari: Pole sana.

Bi Sindano: Nimeshapoa. [mtandao unakwaruza] Uko wapi wewe? Mbona kelele hivyo?

Sukari: Niko hapa hapa ukumbini kwetu, huku jikoni. Nakanda unga wa maandazi ya mauzo ya kesho. Nimekuweka kwenye spika, mikono yote imejaa unga. Umelala hapa juu ya kopo la hamira.

Bi Sindano: Spika? Na hao wenzako?

Sukari: Wako kule kwenye ukumbi na vyerehani vyao, hawasikii kitu. Nawaita chai hapa mpaka koo linakauka.

Bi Sindano: Navisikia hivyo vyerehani. Kile cha kanyagio kinalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Kitieni mafuta.

Sukari: Nitamwambia Mwenyekiti.

Bi Sindano: Mwambie. Haya, nini?

Sukari: Eee... Bibi, nilikuwa nataka kukuuliza. Ile keki ya machungwa. Mayai ni manne au matano?

Bi Sindano: Unaniuliza mimi?

Sukari: Ndiyo.

Bi Sindano: Wewe Sukari? Wewe uliyetufundisha kuoka kikundi kizima? Wewe uliyesema keki yangu inafaa kuwekwa mlangoni, upepo usifunge mlango?

Sukari: Nilikuwa natania, Bibi.

Bi Sindano: Ulitania ukweli mtupu, hata mimi nilicheka. Basi usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Umepigia nini?

Sukari: Nilitaka tu kujua hali yako. Tangu Jumamosi.

Bi Sindano: Jumamosi kulikuwa na nini?

Sukari: Mkutano.

Bi Sindano: Ehee, mkutano! Ulikuwa mzuri sana ule. Nilipewa cheo. Mlezi wa Kikundi. Sijui namlea nani humo, wote mna mvi zenu mmezificha chini ya vilemba.

Sukari: Bibi—

Bi Sindano: Na kazi nimepangiwa. Nikae karibu na mlango, nipokee wageni, nionje keki. Miaka kumi na tisa nashona humo ndani, sasa nimepanda daraja, nimekuwa mwonja keki. Mkanipigia na makofi.

Sukari: Na mimi nilipiga.

Bi Sindano: Najua. Yako niliyajua. Mikono ya kukanda unga makofi yake mazito.

Sukari: Bibi, yale mablanketi matatu...

Bi Sindano: Yapi?

Sukari: Yale ya Jumamosi.

Bi Sindano: Nikumbushe. Mimi mzee, nasahau.

Sukari: Bibi, unajua—

Bi Sindano: Nikumbushe, Sukari. Dakika ni zako.

Sukari: Yale... ya wodi ya watoto njiti. Tuliyowapelekea mwezi uliopita. Sista wa wodi aliyarudisha. Mwenyekiti akayaweka juu ya meza ya kukatia, akasema yana mafundo ya uzi upande wa ndani, na fundo moja limemchubua mtoto shavu.

Bi Sindano: Enhe.

Sukari: Kisha akafunua pembe. Akaona jani la bluu.

Bi Sindano: Jani la nani?

Sukari: Lako, Bibi.

Bi Sindano: Langu. Kila mtu na alama yake pembeni, na ile yangu ni jani la bluu tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo aliyemchubua mtoto ni nani?

Sukari: [mtandao unakwaruza] ...ndiyo maana nimekupigia.

Bi Sindano: Sikusikii. Umekuwa kama mtu yuko ndani ya pipa.

Sukari: Nasema ndiyo maana nimekupigia! Kuhusu fundo!

Bi Sindano: Funzo? Funzo gani?

Sukari: Fundo! FUN-DO!

Bi Sindano: Ooo, fundo. Usinitoboe masikio basi. Unaniuliza kama nina fundo na mtu?

Sukari: Hapana, si fundo la moyoni. Yaani... na hilo pia. Una fundo na mimi, Bibi?

Bi Sindano: Mimi? Fundo ni lako, mwanangu. Mimi sijawahi kuwa nalo.

Sukari: Unajua?

Bi Sindano: Najua nini? Sema wewe. Kama umepiga simu kusema, sema.

Sukari: Naona aibu.

Bi Sindano: Hilo nalisikia hata bila mtandao. Endelea.

Sukari: Yale mafundo si yako. Ni yangu.

Bi Sindano: Sema kwa sauti, inakatika katika.

Sukari: Mafundo ni yangu! Mimi ndiye niliyeshona yale mablanketi! Wewe ulishona, mimi nikafumua, nikashona upya!

Bi Sindano: Hapo nimekupata.

Sukari: Nisamehe, Bibi. Haki ya Mungu, nisamehe.

Bi Sindano: Subiri kwanza, usiniombe msamaha mbio mbio kama mtu anayekimbia mvua. Yote matatu?

Sukari: Yote matatu.

Bi Sindano: Na mengine?

Sukari: Mengine gani?

Bi Sindano: Sukari.

Sukari: ...Na mengine. Tangu yale ya mwaka jana, ya nyumba ya wazee.

Bi Sindano: Mwaka mzima.

Sukari: Mwaka kasoro kidogo.

Bi Sindano: Wapi? Saa ngapi? Maana mimi nilikuwa naikunja kazi yangu mwenyewe, naiweka kabatini.

Sukari: Ulikuwa ukiondoka tu, naitoa. Naiweka chini ya lile boksi la kubebea keki, naenda nayo nyumbani. Keki ikiingia kwenye oveni nafumua. Ikitoka, nimeshashona.

Bi Sindano: Dakika arobaini?

Sukari: Arobaini, arobaini na tano. Mbili ziliungua.

Bi Sindano: Ndiyo zile ulizosema umeme ulizidi?

Sukari: Ndizo.

Bi Sindano: Tukakupa pole na pole zetu.

Sukari: Bibi, usicheke.

Bi Sindano: Nani anacheka? Ila nimepata jibu, nilikuwa najiuliza umeme gani huo unaochagua nyumba moja. Sasa niambie ulifumua kwa nini.

Sukari: Ah, Bibi.

Bi Sindano: Niambie. Nimekaa.

Sukari: Bandi ilikuwa... ilikuwa inatoka nje.

Bi Sindano: Nje vipi?

Sukari: Mshono unaanza vizuri kwenye kiraka, unafika katikati unapinda, unakwenda zake. Pengine sindano imeshika kitambaa cha juu tu, haikushika pamba wala kitambaa cha chini. Blanketi moja nililikung'uta, pamba yote ikashuka chini, likawa kama soksi yenye jiwe. Nikasema likienda hivi watu watamcheka Bibi. Basi.

Bi Sindano: Basi ukanificha.

Sukari: Nilikuwa nakusitiri.

Bi Sindano: Na mafundo je? Kitu cha kwanza nilichokufundisha, siku ya kwanza kabisa, umekuja na sindano ya kushonea magunia, nilikwambia nini?

Sukari: Blanketi la mtoto halifungwi fundo.

Bi Sindano: Unamaliza vipi?

Sukari: Unarudi nyuma mara mbili, unapenyeza uzi katikati ya pamba, unakata.

Bi Sindano: Mbona kumbe unajua?

Sukari: Nilikuwa na haraka! Keki inanukia, mtoto anataka daftari, mzee anaita chai. Fundo ni mara moja. Nikasema nani atajua.

Bi Sindano: Mimi nilijua.

Sukari: Tangu lini?

Bi Sindano: Jumamosi. Mwenyekiti alipoyapitisha mkono kwa mkono, "jamani oneni wenyewe." Yalipofika kwangu nikayashika. Kwanza uzi ni mkavu. Mimi uzi wangu naupitisha kwenye mshumaa, una nta. Halafu fundo. Fundo moja, fundo la pili, fundo la tatu, yote yamezungushwa mara mbili na kubanwa. Nikasema, hili ni fundo la gunia la unga. Nani kati yetu anafunga magunia ya unga?

Sukari: Mungu wangu. Ulijua pale pale.

Bi Sindano: Pale pale. Na wewe ulikuwa umesimama nyuma yangu unagawa keki.

Sukari: Mbona hukusema? Ungesema tu! Nilikuwa nangoja useme! Nilikaa pale roho mkononi, najiambia akisema "si mimi" nitasimama. Nitasimama niseme. Hukusema, na mimi nikakaa na sahani yangu.

Bi Sindano: Ukapiga makofi.

Sukari: Nikapiga makofi. Kila mtu alikuwa anapiga, mikono ikaenda yenyewe. Tangu siku hiyo sili vizuri, Bibi. Nikiokota hata uzi sakafuni uso unanichoma. Leo nimekuja nikakuta kiti chako wamekisogeza pale mlangoni, wamekiwekea na kitambaa, kimya. Nikashindwa hata kukitazama. Kwa nini hukusema?

Bi Sindano: Mlango wa jikoni umeufunga?

Sukari: Eee?

Bi Sindano: Mlango.

Sukari: Ngoja. [kishindo] Nimeusukuma kwa kisigino.

Bi Sindano: Ningesema nini? "Huu si mshono wangu"? Haya. Wangeniuliza, kama si wako, wako uko wapi? Na wewe ungesema nini?

Sukari: Ningesema nimeufumua.

Bi Sindano: Kwa nini?

Sukari: Kwa sababu... ah.

Bi Sindano: Umeona. Tungefika hapo hapo. Sukari, mimi sioni.

Sukari: Huoni vizuri, najua, miwani ile ya zamani—

Bi Sindano: Sina miwani iliyopotea. Miwani iko usoni. Sioni. Jicho moja limezima kabisa, la pili naona mwanga wa dirisha na mtu akipita kama kivuli. Jina lako kwenye simu silioni. Uso wako mara ya mwisho kuuona vizuri ulikuwa bado mwembamba.

Sukari: [analia]

Bi Sindano: Usilie bwana, hapo nilikuwa nakutania.

Sukari: Na sindano? Unatungaje uzi?

Bi Sindano: Binti yangu. Asubuhi kabla ya kwenda kazini ananitungia sindano kumi na mbili, anazichomeka kwenye kitakia. Namwambia ni za kuokoa muda. Ndiyo maana nikimaliza ya kumi na mbili nasema nimechoka, nakwenda zangu nyumbani.

Sukari: Hata yeye hajui?

Bi Sindano: Akijua atanikataza kutoka. Atanifungia ndani, eti gari litanigonga. Njia ya kuja huko naihesabu kwa hatua. Kutoka kwenye duka la vyuma mpaka ngazi zenu ni hatua mia mbili na kumi.

Sukari: Bibi, Bibi, Bibi.

Bi Sindano: Nilidhani vidole vinatosha. Nilikuwa nakaa pale naipapasa bandi yangu, naiona imenyooka. Nakwambia kweli, nilikuwa najisifu. Nikisikia mnasema "jamani Bibi bado yumo," nakwenda nyumbani natembea kama bibi harusi. Jumamosi ndiyo nikajua mlikuwa mnasifu mkono wako.

Sukari: Si mimi peke yangu, Bibi, vile viraka ulivyopanga—

Bi Sindano: Usinifariji. Nimeaibika, Sukari. Si kwa cheo cha mlango. Nimeaibika kwamba mwaka mzima nimeshona nisichokiona, nikawapelekea watoto wa watu, kwa sababu tu sikutaka kuitwa kipofu. Wewe umefunga fundo kwa haraka. Mimi kwa kiburi. Sasa unataka nani asimame amtukane mwenzake?

Sukari: Nitasimama mimi. Jumamosi hii. Nitasema mafundo ni yangu, nirudishiwe aibu yangu.

Bi Sindano: Hutasema.

Sukari: Lazima niseme, Bibi, siwezi kukaa nayo—

Bi Sindano: Ukisema umefumua, watauliza kwa nini. Nakuomba. Nakuomba kama ninavyomwomba mwanangu. Waache waseme Bibi kazeeka, anafunga mafundo. Hilo nitalibeba. Wasijue tu kwamba sioni. Nikijulikana hivyo, nimekwisha. Kila nikiinuka atakuja mtu kunishika kiwiko. Watakuwa wananisemesha kwa sauti kubwa, kama mtu asiyeona hasikii pia. Umenielewa?

Sukari: Nimekuelewa.

Bi Sindano: Niapie.

Sukari: Naapa.

Bi Sindano: Sukari.

Sukari: Naam, Bibi.

Bi Sindano: Mbona vyerehani vimenyamaza? Vyote. Hata kile cha kanyagio. Vimenyamaza tangu lini?

Sukari: Sijui. Nilikuwa nime... nilikuwa nimewapa mgongo.

Bi Sindano: Umewapa mgongo nani? Geuka.

Sukari: Bibi—

Bi Sindano: Geuka, uniambie.

Sukari: Mlango haukushika. Wako mlangoni.

Bi Sindano: Wangapi?

Sukari: Wote. Nisamehe, nilikuwa napiga kelele kwa ajili ya mtandao, sikujua, mikono ina unga, Bibi, Bibi usikate—

Bi Sindano: Mimi nimevua nguo mbele yako, wewe umeacha mlango wazi.

Mwenyekiti: Bi Sindano, shikamoo. Ni mimi, Mwenyekiti.

Bi Sindano: Marahaba. Umesikia?

Mwenyekiti: Nimesikia.

Bi Sindano: Kiasi gani?

Mwenyekiti: Tulikuja kuona nani analia. Tuliposimama hapa ulikuwa kwenye zile sindano kumi na mbili.

Bi Sindano: Basi hakuna kilichobaki. Karibuni sana.

Mwenyekiti: Bi Sindano, mimi nimekukosea. Nimekutoa kwenye kazi mbele za watu kwa kosa ambalo si lako. Sijui uso wangu niuweke wapi.

Bi Sindano: Uache hapo hapo, hapa mimi siuoni.

Mwenyekiti: [anacheka, kisha anaacha] Samahani. Sikucheka kwa—

Bi Sindano: Cheka. Ndicho nilichotaka. Na usijilaumu sana, Mwenyekiti. Kazi sikuiweza, hapo hukukosea. Ulichokosea ni kunipaka cheo juu yake kama sukari ya unga juu ya keki iliyoungua. Ungeniita pembeni.

Mwenyekiti: Ni kweli. Niliogopa.

Bi Sindano: Uliniogopa mimi?

Mwenyekiti: Wewe ndiye uliyenifundisha kushika mkasi. Tutakuja kwako jioni hii, sote. Na keki. Tukuombe radhi kwa—

Bi Sindano: Msije.

Mwenyekiti: Bi Sindano—

Bi Sindano: Msije na keki, msije na shada, msije kunitazama nimekaa kwenye kiti. Binti yangu ataona watu wanane mlangoni aulize nani kafa. Sukari!

Sukari: Naam!

Bi Sindano: Ondoa hiyo spika.

Sukari: Ngoja ninawe. [maji yanamwagika] Nimeondoa. Nimekuweka sikioni.

Bi Sindano: Toka nje.

Sukari: Natoka. Niko uani, karibu na kamba ya nguo. Niko peke yangu, safari hii kweli. Bibi, nitukane. Nitukane tu, nitapata nafuu.

Bi Sindano: Sikupi nafuu hiyo. Una salio?

Sukari: Limebaki kidogo, limeshalia mara moja.

Bi Sindano: Basi nijibu haraka. Yule mtoto.

Sukari: Mtoto yupi?

Bi Sindano: Wa wodini. Aliyechubuka shavu. Ni wa kike au wa kiume?

Sukari: Sijui, Bibi.

Bi Sindano: Sista alisema limechubuka kiasi gani?

Sukari: Aliongea na Mwenyekiti. Mwenyekiti alisema tu limechubuka.

Bi Sindano: Mtoto njiti, ngozi yake ni kama utando wa maziwa. Kidonda hapo si mchezo. Limepona? Sukari, yule mtoto hajambo?

Sukari: Sijui. Sikuuliza.

Bi Sindano: Na mimi sikuuliza.

Sukari: Mkutano wote ule... tulizungumzia jina la kikundi, na alama, na nani apumzike. Hakuna aliyeuliza.

Bi Sindano: Saa moja na nusu. Tukala na keki. Na leo mimi na wewe hapa tunalia, kila mtu na aibu yake.

Sukari: Bibi, nafanyaje?

Bi Sindano: Vua hiyo aproni. Nenda wodini sasa hivi, muulize sista, umtafute mama yake. Usimpelekee blanketi. Mwambie, "fundo nimefunga mimi, na kazi ilitoka kwa mwenzangu asiyeona." Ndiyo, useme. Sema na jina langu. Kisha umuulize mwanawe anaendeleaje, unyamaze, umsikilize akujibu vyovyote atakavyo—

Sukari: Akinifukuza?

Bi Sindano: Akikufukuza utakuwa umeshamsikia. Halafu unipigie unia—

[mlio]

Sukari: Haloo? Bibi? Nikuambie nini? Haloo? ...Naenda, Bibi. Unanisikia? Naenda.